Maelezo ya zana yakiwa na utata, akili unde hupotoka

MWEZI jana kijana mmoja niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili mjini Garissa alinijia tarakilishi kwapani. “Mwalimu,” akasema, “hii kitu haisikii Kiswahili changu.”

Kijana huyu huunda programu za shirika linaloratibu malori ya maji wakati wa kiangazi. Wafanyakazi huwasiliana kwa Slack, naye aliwawekea wakala wa akili unde wa kuwatumia watu ujumbe. Siku moja afisa aliagiza: “Mwandikie mwenyekiti wa kamati ya maji kwamba lori litafika kesho saa tatu.” Wakala akaandika 15:00, tena katika chaneli ya wafanyakazi wote. Habari ikafika kijijini ikiwa hivyo hivyo. Watu walipokuja alasiri na punda na mitungi, lori lilikuwa limeshafika saa tatu asubuhi na kuondoka.

Kijana aliilaumu mashine. Mimi nilipoyasoma maelezo ya zana zake, niliona kosa la lugha. Katika makala haya, nitaeleza kwa nini.

Wakala wa akili unde haoni matumbo ya programu anayoitumia. Kila zana humfikia kama maandishi: jina lake, maelezo ya kazi yake, na orodha ya vigezo vya kujazwa. Ndivyo ilivyo katika itifaki ya MCP, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024, Slack ikiwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kuunganishwa nayo. Wakala ni kama karani mgeni aliyeachiwa kijikaratasi mezani. Kilichoandikwa atakifuata, kisichoandikwa atakikisia.

Kijikaratasi cha kijana wangu kilikuwa na zana mbili. Ya kwanza: “Hutuma ujumbe.” Ya pili: “Hujibu ujumbe.” Basi!

Tuanze na hiyo ya pili. Kiambishi “hu-” huonyesha mazoea, lakini pia ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja. Katika vitenzi vya asili ya Kibantu, irabu ya mwisho hututofautishia: “hutuma” ni mazoea, “hutumi” ni ukanushi. Vitenzi vya mkopo kama “jibu” havibadiliki. Kwa hivyo “hujibu ujumbe” yaweza kuwa “zana hii hujibu” au “wewe hujibu”. Binadamu huondoa utata huo kwa muktadha. Maelezo ya maneno mawili hayana muktadha.

Pili, kauli ya kutendea. “Mwandikie Halima” ni kuandika barua iende kwa Halima, au kuandika kwa niaba yake? Yote mawili ni Kiswahili safi. Vivyo hivyo, kumjibu mwalimu si sawa na kumjibia. Nalo “mtumie dereva” lina balaa zaidi, maana “tumia” ni kupeleka kwa mtu na pia ni kufanya matumizi. Maelezo ya zana yataje waziwazi: ujumbe unatoka kwa nani, unakwenda kwa nani, na unabeba jina la nani.

Tatu, nomino. Kijana aliandika “kundi” mahali pamoja, “chaneli” pengine na “jukwaa” kwingineko, akimaanisha kitu kimoja. Hapa nakiri kwamba lawama ni yetu walimu. Katika insha tunampa alama mwanafunzi anayebadilisha visawe. Katika maelezo ya zana, kisawe humfanya msomaji adhani kuna kitu kipya. Chagua neno moja ushikamane nalo. Tena “kundi” kwa Garissa, wallahi, kwanza ni la ngamia!

Nne, saa. Sisi huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, hivyo saa tatu asubuhi ni 09:00. Wakala aliichukua tatu akaisoma kwa hesabu ya Kiingereza, akakisia ni alasiri. Watu huniambia suluhisho ni kuandika maelezo kwa Kiingereza. La hasha! Afisa ataendelea kusema “saa tatu”, na Kiingereza cha maelezo hakitamzuia wakala kukosea asipoelezwa hesabu yetu.

Tuliketi tukaandika upya zana ya kwanza hivi:

“Zana hii inapeleka ujumbe mpya kwa mtu mmoja, kwa jina la afisa aliyeagiza. Itumie pale tu mpokeaji ametajwa. Usiitumie kujibu ujumbe uliopo. Kwa hilo kuna zana ya kujibu katika uzi. Usiitumie kutangazia chaneli nzima. Muda uandikwe kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00. Asubuhi au usiku isipotajwa, muulize afisa kabla ya kutuma.”

Tazama kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo inasema zana isitumike lini. Ujumbe ukishasomwa haurudi, kwa hivyo mipaka ina uzito sawa na kazi yenyewe. Tazama pia kwamba tumeacha “hu-” na kuandika “inapeleka”.

Tulipojaribu agizo lile lile, wakala aliuliza: “Saa tatu asubuhi au usiku?” Kijana akacheka. Nikampa zoezi moja zaidi, nalo nakupa wewe msomaji: kabla ya kumpa wakala maelezo, mpe mtu asiyeijua kazi yenyewe. Kila swali atakalokuuliza ni sentensi uliyosahau kuandika. Kijana alimpelekea mamake, muuza maziwa sokoni. Akarudi na maswali manne.