Vimeng'enya: Mafundi Wasioonekana Ndani ya Muhogo

Huko Nkome, mkoani Geita, kama ilivyo katika vijiji vingi vya ufukwe wa Ziwa Victoria, ugali wa udaga kwa samaki ni chakula cha kawaida. Mama anayemenya muhogo mchungu, akauvundika au kuuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika, huenda hajapata kulisikia neno kimeng'enya. Hata hivyo ndicho anachokitumikisha.

Kimeng'enya ni nini? Aghalabu ni protini, yaani mnyororo mrefu wa asidi-amino uliojikunjakunja ukapata umbo maalumu. Katika umbo hilo mna kishimo kidogo kinachopokea kitu kinachokilingana, kama kufuli na ufunguo wake. Humo kitu hicho hukatwa au huunganishwa, na kimeng'enya chenyewe hubaki kizima, tayari kwa kazi nyingine. Baadhi huhitaji pia madini, kama vile zinki au chuma. Mmarekani James Sumner ndiye aliyeonyesha, mwaka 1926, kwamba kimeng'enya chaweza kuwa protini.

Muhogo una linamarini, ambamo sumu ya sianidi imefungwa pamoja na sukari. Kimeng'enya chake, linamarasi, hukaa mbali nayo, katika kuta za seli. Muhogo ukipondwa au ukilainika, kuta hubomoka, viwili hivyo hukutana, na sumu hufunguliwa ikatoka kwa maji na hewa. Kuuchemsha tu muhogo mchungu hakutoshi: moto huliharibu umbo la kimeng'enya, kazi ikakoma na sumu nyingi ikabaki.

Haraka hapa ina gharama. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, familia zenye njaa zilifupisha siku za kuandaa muhogo. Watu, hasa watoto na akina mama, walipooza miguu ghafula kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauna tiba.

Mboga nayo ina kazi yake. Mwili una kimeng'enya kinachopunguza makali ya sianidi, nacho huhitaji salfa itokayo katika protini. Ugali wa muhogo usikose dagaa, samaki au maharage.

Nawe, ndugu msomaji wa mjini, ukiutilia shaka unga ulionunua, uloweshe kwa maji, uutandaze mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Mpe fundi huyo nafasi amalize kazi yake.