Gari inakosa nguvu kwenye mupando: tutafute ugonjwa mbele ya kununua piesi



Upande wa Lubero, Kivu ya Kaskazini, kooperative moja ya wakulima wa viazi iko na Canter ya zamani ya mazutu. Asubuhi inawaka bila shida, na kwenye tambarare inatembea vizuri. Lakini ikiwa na mzigo, ikianza kupanda kuelekea Butembo, moteri inasitasita, nguvu inapotea, halafu inazimika. Shofere anaweka jiwe nyuma ya gurudumu na kungoja dakika kumi. Akiwasha tena, gari inapanda kama vile haikuwa na kitu. Kesho yake inapita pale pale bila kusita. Kesho kutwa inasimama tena.

Ugonjwa wa namna hii, unaokuja na kwenda, unasumbua kuliko ule wa kila siku. Ukifika garaji, gari imepona. Fundi anasikiliza, haoni kitu. Walibadilisha filtre ya mazutu mara mbili. Kisha fundi mmoja akasema pompi ya enjeksioni imekufa, lazima kuifungua. Hiyo ilikuwa pesa ya mavuno mazima. Wakati huo viazi vinaoza mu depo, na wanamemba wakaanza kunung'unika: "Shofere anauzisha mazutu njiani, halafu anatudanganya gari imegonjwa."

Daftari njo ilisema ukweli

Mama mutunza-sanduku hakutaka kulipa wala kufukuza mutu mbele ya kujua. Alimupa shofere daftari: kila mara gari inapositasita, andika fasi gani, saa gani, mzigo kiasi gani, mazutu iliyobaki, moshi wa rangi gani, na imekaa dakika ngapi mbele ya kuwaka tena.

Kiisha majuma matatu, mambo yalionekana. Gari haikusita hata mara moja ikiwa tupu. Ilisita tu kwenye mupando, ikiwa na mzigo. Haikutoa moshi mweusi. Na kila mara ilipona kiisha kupumzika.

Fundi mwengine, muzee, alisoma daftari na kusema: "Hii moteri haigonjwe. Iko na kiu."

Aliwaeleza hivi. Moshi mweusi mara nyingi unaonyesha kwamba mazutu ni nyingi kuliko hewa: angalia filtre ya hewa kwanza. Moshi mweupe, moteri ikiwa imepata moto, unaweza kuonyesha mazutu isiyochomeka vizuri. Lakini nguvu ikipotea bila moshi, mara nyingi mazutu haifiki. Kwenye mupando na mzigo, moteri inaomba mazutu nyingi. Njia ikizibwa nusu, haitoshi. Kwenye tambarare inaomba kidogo, kwa hiyo hauoni kitu.

Na kwa nini inapona ikipumzika? Filtre iliyoziba haizibuki yenyewe kwa dakika kumi. Kwa hiyo alifikiri kuna kitu kinachovutwa mpaka kwenye mdomo wa tiyo ndani ya rezervuari. Moteri ikizimika, mvuto unaisha, kitu kinaanguka, njia inafunguka.

Kujaribu kutoka kwa bei ndogo kwenda kwa kubwa

Muzee hakugusa pompi. Alifuata hatua hizi, moja moja. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja, hautajua ni kipi kilichoponesha gari.

1. Kifuniko cha rezervuari. Kinapaswa kupitisha hewa kidogo. Gari ikisita, kifungue. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari ikapona, tundu ya kifuniko imeziba. Kuisafisha hakuombi pesa.

2. Maji. Fungua visi ya chini ya filtre, toa mazutu kidogo mu chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini.

3. Hewa mu durite. Kati ya rezervuari na pompi mazutu inavutwa, kwa hiyo durite iliyopasuka inaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone moja. Weka kipande cha durite nyeupe mbele ya pompi: ukiona mapovu yanapita moteri ikizunguka, tafuta mupasuko na kaza kola.

4. Bidoni. Hii njo ilikata maneno. Muzee alifunga vizuri bidoni ya mazutu safi karibu na moteri, mbali na fasi ya moto. Aliingizamo durite mbili: ya kuvuta na ile ya kurudisha mazutu iliyozidi. Gari ilipanda mupando ule ule, na mzigo ule ule, mara nne. Haikusita. Basi pompi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma, mu rezervuari ao mu tiyo yake.

Waliteremsha rezervuari na kuiosha. Kulitoka kutu, maji kidogo, na kipande cha sashe, ile tunayoweka chini ya kifuniko cha bidoni ili isivuje. Mutu alimimina mazutu, sashe ikaingia pamoja. Waliweka filtre mupya, wakatoa hewa kwa pompi ya mukono mpaka mapovu yakaisha. Kooperative ililipa filtre na kazi ya siku moja.

Shofere aliombwa samahani mbele ya mukutano.

Muangalie hatari

Jaribio la bidoni ni kwa mazutu tu, na fundi awepo. Usilifanye kamwe kwa gari ya esansi: mvuke wake unawaka haraka. Usichomelee rezervuari ambayo haijasafishwa vizuri kabisa, hata ikiwa tupu inaweza kulipuka. Usiweke mukono karibu na tiyo za enjekteri moteri ikizunguka: mazutu yenye presha inatoboa ngozi.

Namna ya kujikinga

Bidoni ikitoka sokoni, iache itulie usiku mzima, na usimimine kile kilichobaki chini kabisa. Mimina kupitia kitambaa safi. Hesabu sashe: iliyotoka kwenye bidoni itupwe, isibaki juu ya rezervuari. Jaza rezervuari jioni, maana fasi tupu inafanya unyevu ndani wakati wa baridi ya usiku. Toa maji chini ya filtre kila juma, zaidi wakati wa mvua.

Na nunueni daftari moja, ikae mu gari. Siku fundi atakapowaambia "pompi imekufa", mumuulize: tumejaribu na bidoni?