Mbwa Anapomgeukia Mwenyewe

Mbwa aliyelelewa nyumbani tangu akiwa mdogo hamgeukii mwenyewe bila sababu, na sababu ya kwanza kufikiriwa ni kichaa cha mbwa. Si kwamba ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Ni kwamba ndiyo isiyotoa nafasi ya pili. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi vikiwa Afrika na Asia, na takriban vyote vinatokana na mbwa. Virusi hukaa kwenye mate, huingia kupitia jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni. Mwendo huo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na muda huo ndio unaoipa chanjo nafasi ya kuokoa maisha.

Kwa hiyo jeraha hushughulikiwa kwanza, mbwa baadaye. Huoshwa hapohapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha kabisa, kwa maana inavunja ganda la mafuta linalovifunika virusi. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na jiwe jeusi havisaidii. Huumiza nyama na kumchelewesha aliyeng'atwa kufika kituo cha afya. Huko hupewa chanjo siku hiyohiyo, kisha siku ya 3, ya 7 na nyingine kadiri ya utaratibu wa daktari. Jeraha lililotoa damu huhitaji pia kingamwili, inayodungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa. Kituo kidogo kikikosa dawa, safari iendelee siku ileile hadi hospitali ya Koboko, Uganda, au ile ya rufaa mjini Arua.

Ndipo zamu ya mbwa. Katika maboma ya Lurujo, kama kwingineko kati ya Arua na Koboko, mbwa ni mlinzi wa usiku na mwenzi wa mawindo. Akimng'ata mwenye boma, wengi hukimbilia fimbo na panga. Kumuua papo hapo ni kupoteza jibu. Mbwa ambaye mate yake yana virusi hufa ndani ya siku 10. Akifungiwa na kuangaliwa siku hizo 10, akabaki mzima, basi hakuambukiza siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Afungwe mahali imara pasipofikiwa na watoto, chakula na maji visogezwe kwa kijiti, na ofisi ya mifugo ya wilaya ipewe habari pamoja na mwenyekiti wa kijiji (LC1). Ikiwa ameshauawa, asizikwe wala kuguswa kwa mikono mitupu kabla daktari wa mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa ugonjwa hupimwa kwenye ubongo.

Watu wengi husubiri kuona povu na ukali. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu kuna kichaa cha kimya: mbwa hujificha gizani, sauti yake hubadilika, miguu ya nyuma hulegea, taya huning'inia na kumeza kunamshinda. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono mdomoni kuutoa. Mkono wenye mkwaruzo mdogo tu unatosha kuambukizwa.

Siku 10 zikipita salama, sababu hutafutwa kwenye mwili na maisha ya mnyama. Maumivu hutangulia. Mbwa mpole aliyeguswa sikio akang'ata huenda ana usaha ndani yake, au kupe wamejazana kwenye kunjo la ngozi ambalo hakuna aliyelifunua. Jeraha la mawindo lililofunikwa na manyoya hufanya vivyo hivyo. Mbwa mzee anayepoteza uwezo wa kuona hushtuka akiguswa usingizini. Jike mwenye watoto hulinda, na mwenye njaa hulinda mfupa. Aliyezoea kipigo hung'ata mkono ulioinuliwa, hata kama umeinuliwa kumpapasa.

Kabla ya kung'ata, mbwa huonya: mwili hukakamaa, macho hugeuka upande weupe wake ukaonekana, midomo hukunjwa, kisha hunguruma. Kumpiga kwa sababu amenguruma ni kosa baya, maana hujifunza kuacha onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Anayenguruma aachiwe nafasi. Asinyang'anywe chakula, atupiwe kipande kitamu zaidi kando, auache mfupa kwa hiari. Ale peke yake, afunguliwe mnyororo kila siku, na watoto wakatazwe kumfuata akila au akilala. Watoto wasisahauliwe katika hili: 4 kati ya kila 10 wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wana umri chini ya miaka 15. Kuhasi hupunguza kuzurura na kupigana na madume wengine, lakini hakuondoi woga wala maumivu.

Wapo wachache wasiorekebishika, wanaong'ata tena na tena bila onyo. Hao daktari wa mifugo awalaze kwa sindano. Kumpa jirani mbwa wa namna hiyo, au kumwacha sokoni, ni kumhamishia mtoto wa mwingine meno yaleyale.

Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, ikarudiwa kila mwaka au kama kadi inavyoelekeza. Lakini chanjo ya upande mmoja wa mpaka haitoshi: Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Mbwa huvuka mpaka wa Oraba kuelekea Kaya, Sudan Kusini, wakiwafuata wenyewe, na hakuna anayewakagua. Kisiwani Pemba, Tanzania, ugonjwa ulitoweka kwa kuchanja mbwa kwa wingi, ukarudi baadaye, ukatokomezwa tena kwa chanjo hiyohiyo. Kiwango kinachohitajika kuukata ni mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, pande zote za mpaka.