Kuipoza Giaboksi ya Otomatiki Katika Mwinuko wa Ruhwa

Mto Ruhwa huigawa Rwanda na Burundi, kisha hujimwaga katika Rusizi mahali nchi hizo mbili zinapokutana na Kongo. Hapo ni bonde la Bugarama, nchi ya mpunga na saruji, yenye joto kuliko sehemu nyingi za Rwanda, kwani mto Rusizi u katika kimo cha mita 950 hivi tu. Gari la doria liondokalo kwenye kituo cha mpaka kuelekea Kamembe hupanda hadi zaidi ya mita 1,500. Likiwa limejaa askari, silaha na mapipa ya maji, hupanda polepole. Na upepo upitao kwenye rejeta huwa hafifu wakati ule ule ambapo unahitajiwa zaidi.

Injini ikichemka, mshale wa joto humwonya dereva. Giaboksi ya otomatiki, katika magari mengi, haina mshale wake. Huungua kimya kimya.

Kati ya injini na gia kuna chombo cha duara kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake mna mapanga yanayotazamana: upande mmja huzungushwa na injini, upande wa pili huzungushwa na oili iliyosukumwa na ule wa kwanza. Gari linapopanda mlima kwa mwendo mdogo, pande hizo mbili hupishana sana, na nguvu inayopotea hugeuka kuwa joto. Oili ya giaboksi hufanya kazi vyema ikiwa na joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ikipita 120 huanza kuharibika, mipira ya kuzuia uvujaji hukauka, na sahani za klachi huteleza na kuungua. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu.

Jambo hili si geni majeshini. General Motors ilitoa gia ya Hydra-Matic mwaka 1939, na katika Vita Kuu ya Pili kifaru chepesi cha Marekani, M5, kiliendeshwa na injini mbili za Cadillac zenye gia hiyo.

Kwa kawaida kiwandani oili hupozwa ndani ya rejeta ya maji. Lakini maji hayo yenyewe yana nyuzi 90 hivi, basi yatapoza nini mlimani? Dawa yake ni rejeta ndogo ya pili, ya oili peke yake, ifungwayo mbele ya ile kubwa. Oili itoke kwenye giaboksi, ipite rejeta ya maji, ndipo iingie katika hii ndogo na kurudi. Mpango huu hufaa pia alfajiri ya baridi katika msitu wa Nyungwe, kwani maji ya injini huipasha oili kwanza.

Fundi asibahatishe mpira upi ni wa kurudi. Afungue mmoja kwenye rejeta, aweke kopo, na injini iwashwe kwa sekunde chache. Oili ikitoka kwenye tundu la rejeta, mpira uliofunguliwa ndio wa kurudi, na hapo ndipo kipozeo kiungwe. Ikitoka kwenye mpira wenyewe, huo ni wa kwenda.

Mpira uwe wa oili ya moto na wenye kuhimili msukumo. Mpira wa maji hulainika na kupasuka. Usipindwe kwa kona kali, wala usiguse ekzosi au feni. Kipozeo kishikwe kwa vyuma na vipande vya raba. Wako wanaokifunga kwa nyuzi za plastiki zilizopenyezwa katika mapezi ya rejeta. Kazi hiyo ni ya haraka, lakini mtikisiko wa barabara mbovu huzifanya nyuzi hizo zisugue mirija hadi itoboke, na oili yote humwagika.

Kazi ikiisha, oili iongezwe, ya aina iliyotajwa na kitabu cha gari na si nyingine. Gari lenye kijiti hupimwa kama kitabu kinavyoagiza. Mara nyingi ni kwenye uwanja tambarare, injini ikinguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote. Oili ikionekana kama maziwa, rejeta ya maji imetoboka kwa ndani: gari lisiondoke.

Na dereva naye ana wajibu wake. Mlimani atumie gia ya chini. Akisikia harufu ya kuungua, asimame mahali salama na kuweka gia huru, wala asikimbilie kuzima injini, kwani pampu ya oili huendeshwa na injini hiyo hiyo. Ikizimwa, oili ya moto hubaki pale pale kwenye sahani. Aiache injini izunguke kwa kasi kidogo kwa dakika kadhaa. Baada ya safari ya kwanza ya kupanda, viungo vyote vya mipira vikaguliwe kwa tochi na kukazwa tena.