Vijana wa Timboroa, Karibuni OpenMRS

OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka wa 2004 kwa ajili ya kliniki za AMPATH hapa Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na yeyote anaweza kujiunga na wanaoiboresha bila malipo.

Ukishajisajili, soma kwanza majadiliano ya awali. Huenda swali lako limeshajibiwa. Ukiuliza, taja toleo la programu unalotumia na hatua ulizofuata hadi hitilafu ikatokea. Ukipata suluhisho, liandike limfae mwingine.

Zaidi ya yote, usitume jina wala picha ya rekodi ya mgonjwa. Ujumbe wako utasomwa kote duniani, na siri ya mgonjwa inalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019.