Kwa nini gari lililorembeshwa laweza kukosa fidia ya bima

KILA asubuhi, barabara itokayo Ongata Rongai kuelekea jijini Nairobi hugeuka ukumbi wa maonyesho. Matatu zilizochorwa nyuso za wanamuziki na wanasoka, zenye taa za rangi, skrini kadhaa na spika ambazo mvumo wake husikika kabla gari lenyewe halijaonekana, hupigania abiria. Katikati yake hupita magari ya kibinafsi ambayo nayo hayakubaki jinsi yalivyotoka kiwandani. Hili limeinuliwa kwa springi ndefu, lile limevishwa rimu pana za aloi, na jingine limefungwa bomba la moshi linalonguruma kama simba.

Wenye magari hayo wametumia fedha nyingi. Hata hivyo, ni wachache kati yao waliowahi kuketi na kujiuliza iwapo kampuni zao za bima zina habari ya mageuzi hayo. Kampuni ya bima hulipia gari lililoandikwa katika mkataba, wala si gari lililo barabarani. Pale magari hayo mawili yanapotofautiana, tofauti hiyo hutoka katika mfuko wa mwenyewe, na wakati mwingine humwangukia abiria au mpita njia asiye na hatia.

Bima ya lazima na bima kamili

Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Madhara kwa Watu Wengine, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa kutokana na matumizi ya gari lake. Bima hiyo haigusi rimu, redio wala rangi. Haigusi hata gari lenyewe. Anayeendesha gari lililomgharimu mamilioni ya pesa akiwa na bima hiyo peke yake, likiteketea au kuibwa, hapati hata senti moja.

Bima inayolipia gari lenyewe ni bima kamili, ambayo hujumuisha wizi, moto na uharibifu wa ajali. Ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa sababu hiyo, kabla ya mkataba kuanza, kampuni nyingi hulituma gari kwa mkadiriaji thamani, ambaye hulikagua, hulipiga picha na kuandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo inayoeleza ni gari gani hasa limewekewa bima. Kifaa kilichofungwa siku moja baada ya ukaguzi hakimo ndani yake.

Wengi hudhani kwamba neno ‘kamili’ lina maana ya kila kitu. Sivyo. Katika mikataba mingi nchini, redio na vifaa vya burudani vina kikomo chake cha fidia, na kioo cha mbele vilevile. Mara nyingi kikomo hicho huwa Sh30,000 au Sh50,000 kwa kila kimoja. Aliyefunga mitambo ya muziki ya Sh200,000 bila kuitaja, ikiibwa atalipwa kiasi hicho kidogo na kuambiwa ashukuru. Kampuni huwa tayari kukiongeza kikomo iwapo mteja ataomba na kulipia nyongeza, lakini ni lazima aombe kabla ya hasara kutokea.

Aidha, kuna tofauti kati ya kifaa kilichofungwa kwenye gari na kitu kilichobebwa ndani yake. Redio iliyokazwa kwenye dashibodi huhesabiwa kuwa sehemu ya gari. Spika ya kubebwa mkononi, tarakilishi au simu iliyoachwa kitini kwa kawaida si sehemu ya gari, na bima ya gari haiihusu.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano wa mtu aliyenunua gari la Sh1.2 milioni na kuliwekea bima kamili kwa thamani hiyo. Miezi mitatu baadaye akalifunga rimu na magurudumu mapya kwa Sh100,000, mitambo ya muziki kwa Sh120,000 na springi za kuliinua kwa Sh80,000. Kwa jumla ameongeza Sh300,000. Akitozwa ada ya asilimia 4, bima ya gari la awali ilimgharimu Sh48,000 kwa mwaka. Kuviingiza vifaa hivyo kungemwongezea Sh12,000 hivi, pamoja na tozo ndogo za serikali.

Iwapo hakuviingiza na gari likaibwa, atalipwa kwa msingi wa Sh1.2 milioni. Zile Sh300,000 zimekwenda na mwizi. Isitoshe, baadhi ya mikataba ina kipengele cha kugawana hasara pale gari linapowekewa bima kwa thamani iliyo chini ya thamani yake halisi. Iwapo vifaa hivyo vimelifanya gari kuwa na thamani ya Sh1.5 milioni ilhali mkataba unataja Sh1.2 milioni, basi ni asilimia 80 tu iliyolindwa. Ajali ikileta uharibifu wa Sh400,000, kampuni yaweza kulipa Sh320,000, kisha ikaondoa kile kiasi ambacho kila mteja hujigharimia mwenyewe katika kila hasara.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Kifaa kilichonunuliwa kwa Sh120,000 hakiongezi thamani ya gari kwa Sh120,000 milele. Huchakaa, na soko la magari makuukuu huenda lisikithamini kabisa. Mikataba mingi hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara, au kiasi kilichoandikwa, kutegemea kilicho kidogo. Kwa hivyo, anayetaja thamani kubwa kupita kiasi hulipa ada ya bure. Dawa ni kukadiria upya kila mwaka bima inapohuishwa.

Wajibu wa kusema kweli

Suala la pesa za vifaa ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo ni nzito zaidi, yahusu uhalali wa mkataba wenyewe.

Sheria ya bima imejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu. Msingi huo uliwekwa wazi nchini Uingereza mwaka wa 1766 na Jaji Mansfield katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu bima ya ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra. Jaji alieleza kwamba habari zinazopima uwezekano wa hasara kwa kawaida huwa mikononi mwa anayetafuta bima, na mwenye kampuni humwamini. Kwa hivyo kuficha jambo muhimu huubatilisha mkataba. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba katika kesi hiyo mtoa bima ndiye aliyeshindwa, kwa kuwa uaminifu huo huzifunga pande zote mbili.

Mahakama za Kenya ziliurithi msingi huo. Jambo muhimu ni lolote ambalo lingemfanya mtoa bima mwenye busara kukataa kulichukua gari au kubadilisha ada. Rangi mpya huenda isiwe na uzito mkubwa. Injini kubwa kuliko ile ya awali, turbo iliyoongezwa, springi zilizoliinua gari, au viti vilivyozidishwa, ni mambo yenye uzito.

Sababu zake si za siri. Gari lililoinuliwa, kitovu cha uzito wake hupanda, na huwa rahisi kupinduka kwenye kona. Injini yenye nguvu ikifungwa kwenye gari lenye breki za awali, umbali wa kusimama huongezeka kwa kuwa mwendo umeongezeka. Nyaya za umeme zilizoungwa ovyo ili kuwasha taa na vikuza sauti ni chanzo cha moto. Rimu za bei ghali huwavutia wezi. Na hata pale mageuzi hayaongezi ajali, vipuri visivyo vya kiwanda huchukua muda kupatikana na huongeza gharama ya ukarabati.

Hali ya magari ya watalii ni mfano mzuri. Magari mengi yanayopeleka wageni Maasai Mara na Amboseli hukatwa paa ili liweze kuinuliwa na wageni wapige picha wakiwa wima. Mengine hurefushwa fremu ili viti viongezeke. Hayo ni mageuzi yanayokubalika katika biashara hiyo, na kampuni za bima zinayajua. Lakini yule anayenunua gari la kawaida, akalikata paa kwa fundi wa mtaani na kuendelea na mkataba wa gari la kibinafsi, ana gari tofauti, kazi tofauti na hatari tofauti na zile alizozitangaza.

Si mageuzi yote yanayomchongea mwenye gari, hata hivyo. King’ora cha kuzuia wizi na kifaa cha kufuatilia gari kwa satelaiti hupunguza hatari. Kampuni nyingi hupunguza kiasi ambacho mteja hujigharimia gari likiibwa iwapo vifaa hivyo vimefungwa. Navyo pia havina faida kwa mteja asiyevitaja.

Majeruhi naye

Swali linalopaswa kuwaumiza vichwa wenye matatu ni hili: je, abiria aliyevunjika mguu atalipwa na nani?

Sura ya 405 imemkinga majeruhi kwa kiasi kikubwa. Kampuni haiwezi kumnyima fidia kwa kisingizio kwamba gari lilikuwa bovu, lilijaza abiria kupita kiasi au lilikuwa limefungwa kifaa fulani. Lakini ikishamlipa, yaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai ilicholipa. Zaidi ya hayo, sheria inairuhusu kampuni kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au katika muda wa miezi mitatu baada ya kuanza, kuomba itamkwe kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ikifaulu, haitalazimika kulipa. Majeruhi atabaki na hukumu mkononi, na wa kumdai atakuwa mwenye matatu peke yake.

Hata pale kampuni inapolipa, bima hiyo ya lazima ina kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mdai. Kinachozidi hapo ni deni la mwenye gari. Kwa mtu aliyekopa benki ili anunue matatu na kuipamba, ajali moja yaweza kumwachia madeni mawili na vyuma chakavu.

Sheria za barabarani

Bima haiwezi kuhalalisha kilichoharamishwa. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zililazimisha magari ya abiria kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, na kuchorwa mstari wa manjano. Mnamo 2014 Rais Uhuru Kenyatta alizitetea matatu zenye michoro akisema ni kazi ya ubunifu ya vijana, na michoro ikarejea kwa kishindo. Lakini ruhusa ya kuchora si ruhusa ya kukichezea kidhibiti mwendo wala kung’oa mikanda.

Mabasi na matatu zinazoundiwa bodi humu nchini zapaswa kufuata kiwango cha KS 372 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, hutaka kujulishwa injini, rangi au aina ya bodi inapobadilishwa, ili hati ya usajili irekebishwe. Mkaguzi wa hasara huanza kazi yake kwa kulinganisha nambari ya injini na ya fremu na zile zilizo katika hati. Zikitofautiana, mazungumzo ya fidia huwa magumu tangu siku ya kwanza, na huenda polisi nao wakawa na maswali yao.

La kufanya

Mwenye gari anayetaka kuligeuza anapaswa kwanza kuiuliza kampuni yake, kwa maandishi, iwapo itayakubali mageuzi hayo na kwa ada gani. Kumwambia wakala kwa mdomo au kwa simu hakutoshi, kwani siku ya fidia wakala huenda amehama au amesahau. Jibu la kampuni lihifadhiwe. Kampuni ikikubali, itoe nyongeza ya mkataba inayotaja kila kifaa na thamani yake.

Pili, kazi ifanywe na fundi anayetoa risiti. Vipuri vya Grogan huenda vikawa nafuu, lakini kipuri kisicho na risiti hakina bei mbele ya mkaguzi. Risiti, nambari za vifaa na picha za gari kabla na baada ya kazi ziwekwe mahali ambapo si ndani ya gari hilo.

Tatu, gari lirejeshwe kwa mkadiriaji thamani. Asisubiriwe mwisho wa mwaka, kwani ajali haisubiri tarehe ya kuhuisha bima. Nne, anayenunua gari lililokwisha kugeuzwa na mwingine aliweke wazi hilo tangu siku ya kwanza. Kutojua kilichofungwa chini ya boneti si hoja inayoaminika kirahisi.

Na kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya haki, mteja ana pa kulalamikia. Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), iliyoanza kazi mwaka wa 2007, hupokea malalamishi dhidi ya kampuni na mawakala. Aliye na barua, risiti na nyongeza ya mkataba huenda huko akiwa na cha kuonyesha. Aliyenyamaza huenda mikono mitupu.

Kuinga’risha matatu au kuliinua gari si kosa, na fedha za mtu ni zake. Lakini barua moja kwa kampuni ya bima na Sh12,000 za nyongeza ni bei ndogo ikilinganishwa na kulia mbele ya gari lililoungua. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.