Aliyegonga kichwa akasema yu salama, mwangalie

Machi 2009, mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji nchini Kanada. Aliinuka, akakataa daktari. Muda si muda kichwa kikaanza kumwuma. Siku mbili baadaye alifariki. Damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na ubongo, ikaukandamiza.

Hapa kwetu, abiria wa bodaboda huanguka, akajipangusa vumbi na kwenda zake. Akianza kutapika, kusinziasinzia, kuumwa kichwa kunakozidi, au mboni ya jicho moja ikapanuka kuliko nyingine, mkimbize hospitali mara moja. Usimwambie alale kwanza apumzike.

Helmeti hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini wapo abiria wanaoikataa, ati itaharibu nywele.